Baiskeli ya Alhamisi

Ukitaka kujua baiskeli ya kukunja imetoka wapi na ina umri gani, usimuulize mwenyewe. Mwenyewe atakudanganya, wala si kwa ubaya. Atakwambia yale aliyoambiwa na aliyemuuzia, naye huyo aliambiwa na mwingine. Igeuze juu chini uitazame tumbo. Hivyo ndivyo alivyosema Mama Bawaba kwa kila aliyesimama mlangoni pake, hata asiyeuliza, hata yule aliyekuja kuazima pampu tu na ana haraka zake.

Jina hilo alipewa na watu wa jengo. Bawaba ni ile sehemu ya katikati ya baiskeli ya kukunja, pale fremu inapokatwa vipande viwili vikashikanishwa kwa pini na bolti, ili nusu ya mbele izunguke ilalie nusu ya nyuma. Mwenyewe alikuwa na miaka sitini na miwili, mwembamba, mwenye vidole vyeusi ambavyo hakuna sabuni iliyowahi kuvishinda. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha chini, kwenye ua wa saruji, kati ya stoo ya mapipa ya taka na chumba cha fundi cherehani. Chumba chake cha kulala kilikuwa juu ya hapo hapo, ngazi kumi na nne, kwa hiyo zilipita siku nyingi bila yeye kuvuka geti la ua.

Kazi aliirithi kwa mumewe, ingawa si kazi ile ile hasa. Mume alitengeneza baiskeli za maana, kama alivyoziita, zile kubwa zenye fremu nzima. Ya kukunja ikiletwa, aliisukuma kwa mguu mpaka upande wa mkewe. "Hiyo yako," alisema. "Mimi sitengenezi meza za kukunja." Basi mke akazitengeneza meza hizo miaka ishirini na mitatu. Mume alipofariki, miaka saba iliyopita, wateja wa baiskeli za maana wakaenda zao mmoja mmoja, wakabaki wa meza, na hao hawakuwa wengi. Baiskeli za kukunja za zamani zimebaki chache, na wanaozipenda nao wamebaki wachache, na wengi wao magoti hayafai tena.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, yuko mbali, ana kazi nzuri na watoto wawili ambao Mama Bawaba amewaona kwenye simu. Mwanawe huyo alipiga simu kila Jumapili. "Mama, hujambo?" "Sijambo, baba." "Afya?" "Nzima." "Na kazi?" "Inaenda." "Haya mama, tutaongea." Mtoto mwenyewe hakuwa mbaya, ila alimjulia hali mama yake kama mtu anayekagua kizima moto: akiona bado kimening'inia ukutani, anaridhika. Baada ya hapo simu ilikaa kimya siku sita. Kuna jioni Mama Bawaba alifunga karakana akagundua hajatamka neno tangu asubuhi, akasema "haya" kwa nguvu, peke yake, ili asikie kama sauti bado ipo.

Alhamisi moja ya mvua akaingia mzee mmoja mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, kalamu mbili mfukoni, anasukuma baiskeli ya kukunja iliyopakwa rangi ya kijani kwa brashi ya kupakia madirisha. Aliisimamisha katikati ya chumba, akajifuta maji usoni kwa leso iliyopigwa pasi.

"Fundi, nimeambiwa wewe unazitambua hizi."

"Nazitambua."

"Basi niambie hii ni nini. Nimeiendesha miaka thelathini na mmoja, na sijui naendesha nini."

Alikuwa mpima ardhi mstaafu. Zamani za kazi, baiskeli hiyo ilikaa nyuma ya gari la ofisi pamoja na minyororo na vigingi, na gari likifika mahali lisipoweza kupita, yeye aliikunjua akaendelea nayo. Aliinunua ikiwa tayari imetumika. Nembo ya mbele ilikuwa imeanguka kabla yake, na juu ya rangi ya kiwandani walikwishapaka watu watatu, kila mmoja na ladha yake mbaya.

Mama Bawaba akaizunguka mara mbili bila kuigusa. "Iache mpaka kesho kutwa," akasema.

"Hapana, siiachi. Nitakuja nayo kila Alhamisi, tufanye kidogo kidogo. Mimi sina haraka."

Akadhani mzee anaionea wivu baiskeli yake. Wako wenye mali wa namna hiyo, hata ukiwashikia breki wanakutazama mikono. Akakubali.

Alhamisi hiyo waliipindua, wakakwangua rangi chini kabisa, pale ekseli ya pedali inapopita, kwa msasa laini na kitambaa chenye mafuta ya taa. Ilitoka kijani, ikaja buluu, ikaja kahawia, na chini ya kahawia ikatokea namba: herufi moja na tarakimu sita. Bwana Mpima akaisoma kwa sauti, akaandika kwenye kijitabu chake, na Mama Bawaba akaiandika kwenye daftari lake kubwa, alilozoea kuweka habari za kila baiskeli iliyopita mikononi mwake: namba, aina ya bawaba, vipimo, kasoro zilizoonekana, na mahali anapokaa mwenyewe. "Nyuma ya maktaba," alisema Bwana Mpima, "ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho." Alisema kwa utaratibu, kama anayemtajia mtu mipaka ya shamba.

Juma lililofuata ilikuwa zamu ya bawaba. Mama Bawaba alimwonyesha kwamba kuna za kufungwa kwa wenzo na kuna za kufungwa kwa bolti, na kwamba hata za bolti hazifanani: nyingine masikio yake yamechomelewa kwa nje, nyingine yamemezwa ndani ya bomba, na kiwanda kilichofanya hivi hakikufanya vile. Juma la tatu walipima bomba la kiti, na mzee akaomba apime mwenyewe. Alipima mara tatu akatoa wastani. Mama Bawaba alicheka, na kicheko kilimshtua yeye mwenyewe, kwa jinsi kilivyotoka kikavu.

Juma la nne wakafika kwenye gurudumu la nyuma. Katikati yake, kwenye chuma kinachobeba spoku, palikuwa na tarakimu mbili ndogo za mwaka.

"Hapa ndipo wajuaji wanapoanguka," alisema Mama Bawaba, akishika tochi. "Wanasoma mwaka wa hapa, wanafunga kitabu. Lakini gurudumu linahama, Bwana Mpima. Fremu haihami. Kwa namba ya chini, baiskeli yako ina miaka arobaini na minne. Gurudumu hili lina hamsini na tatu. Hili si lake."

"Kweli si lake," akasema Bwana Mpima. "Lilikuwa la mke wangu. Yeye alikuwa na yake, nyekundu. Aliifunga gurudumu la nyuma kwenye nguzo mbele ya posta, wezi wakafungua nati, wakachukua baiskeli nzima wakamwachia gurudumu na kufuli. Alirudi nyumbani kalibeba. Alikasirika siku mbili, siku ya tatu akaanza kucheka, akasema, basi livae wewe, lisikae bure." Akaligusa tairi kwa kidole. "Mwaka wa pili huu tangu aondoke."

Mtu mwingine angesema pole. Mama Bawaba naye lilimfika hadi ulimini, kwani yeye mwenyewe alijua maana ya kuamka na kukuta upande wa pili wa kitanda haujavurugika. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja tangu ujana: jambo likigusa moyo, yeye hukimbilia kwenye chuma. Akalizungusha gurudumu, akalisikiliza.

"Spoku mbili zimelegea," akasema. "Nitakukazia."

Siku hiyo hiyo alimwandikia jibu kwenye kadi, kwa herufi kubwa: aina ya baiskeli, kiwanda kilichoiunda na ambacho chenyewe kilikwisha kufungwa zamani, mwaka, rangi yake ya kwanza, na kwamba gurudumu la nyuma ni la baiskeli nyingine. Mzee akaisoma kadi mpaka mwisho, akaitia mfukoni nyuma ya kalamu.

"Kwa hiyo tumemaliza," akasema.

"Tumemaliza."

Lakini Alhamisi iliyofuata alikuwapo tena mlangoni, saa nne kamili. Bawaba ilikuwa inacheza. Kweli ilikuwa inacheza: Mama Bawaba alishika nusu ya mbele akaitikisa, ikagonga tok, tok. Akaikaza nati, halafu akachukua kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, akachora mstari mwembamba ulioanzia kwenye nati ukaishia kwenye fremu. Huo ndio ulikuwa mtindo wake. Mstari ukibaki umenyooka, nati haijatikisika. Mstari ukikatika, unaona mara moja nati imezunguka kiasi gani.

Wiki ya pili mstari ulikuwa umekatika. Nati ilikuwa imezunguka robo mzunguko. Akabadilisha washa, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya nati. Wiki ya tatu, robo tena. Akaondoa grisi yote, akapangusa, akakaza upya. Wiki ya nne, robo. Kila mara aliandika kwenye daftari, na kila mara, kwa kuwa kazi ilichukua muda, chai iliingia, na maneno yakaingia na chai. Bwana Mpima alikuwa na hadithi za kazi zisizokwisha. Aliwahi kusuluhisha ndugu wawili waliogombea kipande cha ardhi chenye upana wa kiatu, na alipowauliza kiatu cha nani, wakaanza ugomvi mpya. Mama Bawaba naye alimsimulia mumewe na zile meza. Hakuwahi kumsimulia mtu.

Fundi cherehani wa chumba cha pili, mwanamke mnene mwenye maneno, hakuweza kuvumilia. "Dada, naona Alhamisi siku hizi unavaa kitambaa cha kichwa kilichonyooshwa," alisema, sindano mdomoni.

"Nyamaza, wewe. Mzee wa watu ana bawaba mbovu."

"Bawaba mbovu! Haya. Na mimi nitafute mwenye zipu mbovu."

Mama Bawaba alijitia hamnazo. Ukweli ni kwamba Jumatano alilala mapema ili Alhamisi ifike. Lakini ukweli mwingine, na huu ndio uliomponza, ni kwamba bawaba ile ilikuwa inamkalia kooni. Yeye, fundi wa miaka thelathini, anashindwa na nati moja? Aliiwaza akipiga mswaki, aliiwaza akipanda ngazi. Wiki ya tano mstari ulipokatika tena kwa robo ile ile, alichukia.

"Leo unaiacha," alimwambia Bwana Mpima. "Sitaki ubishi."

Mzee aliiacha shingo upande, akaondoka kwa miguu.

Kwa siku sita Mama Bawaba hakushika kitu kingine. Aliitoa pini akakuta kweli imelika kidogo, si sana. Hakujali kama si sana. Alikata kipande cha shaba kutoka kwenye bomba la zamani la maji, akakibana kwenye jiliwa pale mezani, akakipiga tupa taratibu, akakijaribu, akakipiga tena, mpaka akapata bushi, kibomba cha kukalia pini, iliyoingia kwenye tundu kwa kusukumwa na kidole gumba tu na isitoke kwa kutikiswa. Akatafuta pini mpya nene zaidi kwa unywele mmoja. Akaitupa nati ya zamani kwenye kopo la nati kuukuu, akaweka nati ya kisasa yenye kidude cha plastiki ndani, ambayo ukishaikaza haisogei. Nyuma yake akatia washa yenye ulimi, akaukunja ulimi ukaishika nati ubavuni. Akachora mstari mwekundu. Alipoikunja na kuikunjua baiskeli ile, haikutoa sauti hata ya kupumua. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha, kwa hiyo aliikunja na kuikunjua kama mara ishirini peke yake.

Alhamisi, saa nne, Bwana Mpima akaja. Mama Bawaba akamshikisha nusu ya mbele. "Tikisa."

Mzee akatikisa. Kimya.

"Tikisa kwa nguvu. Usiogope." Mama Bawaba alikuwa anang'aa uso mzima. "Hata tetemeko la ardhi halitailegeza. Hii haikusumbui tena, Bwana Mpima. Nakuhakikishia."

Bwana Mpima aliinama akaitazama bawaba kwa karibu, bushi ya shaba, ulimi wa washa, mstari mwekundu. Alikaa ameinama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo sitahitaji kuja."

"Kuja kufanya nini? Labda baada ya miaka kumi uje tutie grisi."

"Miaka kumi," alisema mzee. Akanyooka. Akamshukuru sana, kwa maneno mazuri, akampa mkono. Chai hakunywa, alisema ana shughuli. Mama Bawaba alisimama mlangoni akamwangalia anavyokata kona ya ua, baiskeli imenyamaza kabisa chini yake, naye moyo umejaa sifa. Hakuona lolote. Macho yaliyoweza kuona nati imesogea nusu ya robo hayakuona lolote.

Alhamisi iliyofuata hakuna mtu. Mama Bawaba akajipongeza: bawaba imetulia. Alhamisi ya pili alichemsha maji saa nne kasoro, akaweka vikombe viwili, akakirudisha kimoja kabatini kabla fundi cherehani hajakiona. Alhamisi ya tatu mvua ilinyesha, akajiambia ni mvua. Ya nne haikuwa na mvua. Alhamisi hiyo alikaa na baiskeli ya mtu iliyokatika waya wa breki, kazi ya dakika kumi, akaimaliza saa saba. Alikuwa mpweke tangu mumewe afariki, lakini upweke ule alikwishauzoea, alijua ukubwa wake. Huu ulikuwa mpya. Huu ulikuwa na saa yake na siku yake.

"Mzee wako yuko wapi?" fundi cherehani aliuliza, safari hii bila mzaha.

"Baiskeli imepona."

"Mh." Fundi cherehani akaitoa sindano mdomoni. "Mimi wateja wangu nikiwapenda, siwamalizii nguo siku moja. Wewe dada yangu ulikuwa na haraka gani?"

Mama Bawaba akaingia ndani, na kwa kuwa hakuwa na kazi, akalifungua daftari mahali pa baiskeli ya kijani, asome tu. Mwandiko wake mwenyewe ukamtazama. *Nati imelegea, robo mzunguko. Nati imelegea, robo mzunguko.* Juma baada ya juma, robo, wala si nusu hata mara moja, wala si kidogo. Akasoma tena pole pole. Nati inayolegezwa na barabara hailegei hivyo. Barabara haina kipimo. Wiki moja itakupa unywele, wiki nyingine itakupa mzunguko mzima, inategemea mashimo na uzito na haraka ya mtu. Kilicholegeza nati ile kilikuwa na kipimo.

Akaenda kwenye kopo la nati kuukuu, akalimwaga lote mezani, akaitafuta mpaka akaipata. Akaiweka chini ya taa. Kwenye kona zake palikuwa na alama za meno ya koleo, mpya, zinang'aa. Mama Bawaba hashiki nati kwa koleo. Angekatwa mkono kwanza.

Alicheka. Alimwona mzee yule mrefu, shati limefungwa mpaka kooni, amepiga magoti sakafuni kila Jumatano na koleo la jikoni, anazungusha robo tu, asizidishe, asije akaumia njiani, na asipunguze, fundi asije akasema mbona hakuna kitu. Alicheka mpaka akakaa chini, na akiwa chini akagundua kwamba analia, wala si kwa kicheko. Yule bwana hakuwa mtu wa kwenda kwa mtu bila shughuli. Alitafuta shughuli kila wiki akaibeba mpaka hapa, na yeye, kwa ufundi wake wote, akaichukua ile shughuli akaimaliza, akamwambia arudi baada ya miaka kumi. Mzee wa miaka sabini na kitu!

Siku saba zilizofuata zilimwendea vibaya. Kila asubuhi aliamua kwenda kwa mzee, kule nyuma ya maktaba alikokuandika daftarini, na kila jioni alikuwa bado yupo pale pale. Angesema anafuata nini? Na kama amehama? Na kama hayupo tena kabisa? Watu wa umri ule huondoka kati ya Alhamisi na Alhamisi bila kuaga. Alhamisi ilipofika akapiga moyo konde, akafunga karakana saa tatu na nusu, akaitoa baiskeli yake mwenyewe, ndogo nyeusi, ambayo ilikuwa imekaa ukutani karibu mwaka mzima, akaijaza upepo, akapanda. Fundi cherehani alimwona akipita dirishani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema neno.

Nyuma ya maktaba palikuwa na jengo la ghorofa nne lenye ngazi nyembamba. Mlinzi alikuwa amekaa mlangoni akimenya chungwa.

"Mzee mpima yupo?"

"Yupo. Hatoki siku hizi. Mkate anatumwa mtu."

"Anaumwa?"

"Sidhani. Hatoki tu."

Chini ya ngazi, baiskeli ya kijani ilikuwa imekunjwa na kuegemezwa ukuta. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya tairi, na tairi la mbele limeanza kukaa chini. Mama Bawaba akachuchumaa akaitazama bawaba. Mstari mwekundu ulikuwa umenyooka kama alivyouchora, haujasogea hata unywele. Hakuwahi kuichukia kazi yake nzuri kama alivyoichukia saa ile.

Akaikunja ya kwake, akaibeba begani, akaanza kupanda. Ghorofa ya kwanza, ya pili. Kwenye ngazi za ghorofa ya pili alisimama kuvuta pumzi, na hapo likamjia wazo. Akaiweka baiskeli chini, akatoa spana kwenye mfuko wa nyuma, akaivika kwenye nati ya bawaba yake. Robo mzunguko tu. Angebisha hodi na kusema, Bwana Mpima, nilikuwa napita, bawaba yangu inacheza, hebu nishikie. Mzee angeelewa, au angejifanya haelewi, na wote wawili wangekuwa na shughuli.

Mkono haukuvuta. Alijaribu mara mbili. Haikuwa huruma kwa nati. Alikuwa ameona ghafla jinsi mambo yatakavyokwenda: robo yake, robo ya mzee, wiki kwa wiki, vitu vizima vinaharibiwa ili watu wawili wazima wanywe chai, mpaka mmoja wao afe na mwingine asijue hata kama ana haki ya kwenda mazikoni. Akairudisha spana mfukoni. Akapanda mpaka mlango wa mwisho, akabisha hodi.

Ilichukua muda. Kisha mlango ukafunguliwa, na Bwana Mpima akawa hapo, shati limefungwa mpaka kooni, ndevu za siku tatu. Alimtazama yeye, akaitazama baiskeli iliyo begani.

"Imeharibika nini?" akauliza.

"Haijaharibika."

"Basi ni ile yangu, umesahau…"

"Yako nzima, nimeiona chini. Sijasahau kitu." Mama Bawaba aliitua baiskeli. Chuma chote alichozoea kukimbilia kilikuwa miguuni pake na hakikumfaa. "Sina shida yoyote, Bwana Mpima. Nimekuja kukuona. Alhamisi ya tano hii nakungoja. Kwangu hakuna mtu."

Mdomo wa mzee ulitikisika kama mtu anayehesabu. Halafu akasogea kando, akaufungua mlango mpaka mwisho.

Chumba kilikuwa safi, kinatisha kwa usafi. Ramani ukutani, meza dirishani, pazia mbele ya kitanda. Kwenye meza palikuwa na kiti kimoja. Bwana Mpima akakishika, akakileta mpaka katikati ya chumba, akakifuta kwa mkono wa shati.

"Kaa, fundi. Kaa."

Akakaa. Mzee akageuka huku na huku, mikono imening'inia, anatafuta kwenye chumba chake mwenyewe kama mgeni. Mama Bawaba akafuata macho yake kutoka ukuta huu mpaka ule, akaelewa kwamba hakikuwapo kingine.

"Vilikuwa vinne," alisema Bwana Mpima. "Baada ya msiba vilinishinda kuvitazama vimekaa vitupu. Nikavigawa, nikabaki na hiki cha kwangu." Alikohoa kidogo. "Sikufikiri kuna mtu atakuja."

Safari hii Mama Bawaba hakutafuta spoku. "Pole," akasema. "Pole sana."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaenda kuwasha jiko.

Asubuhi ile walikaa kwa zamu, mmoja kitini na mwingine amesimama dirishani na kikombe chake, wakipokezana kila chai ilipoisha, mpaka saa saba.